Tupeane uzoefu: wageni wa meli na siku moja ya Bagamoyo

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za majukumu. Maji ya pwani yetu ni mafupi, meli kubwa za watalii hufunga Dar, na kutoka bandarini hadi huku ni kama kilomita 70. Wanaoumiza kichwa ni wageni waliojipangia safari wenyewe, maana hao meli haiwasubiri. Mnaowabeba na kuwatembeza, mwageni mbinu. Porojo baadaye.

Dereva wa Noah
Anza na saa, mkuu. Uliza mwisho wa kupanda meli, siyo saa ya kung'oa nanga; kwa kawaida hupishana nusu saa hadi saa nzima. Uliza pia kama saa ya melini ni sawa na ya Dar, kwani meli nyingine hubaki na saa yake. Kisha mgeni aandike kwenye karatasi. Mzungu akisema nne ya jioni ni saa kumi yetu; mkikubaliana kwa mdomo tu, mmoja atakuwa bado anakunywa dafu.

Asubuhi saa mbili unakwenda kinyume na foleni, weka saa mbili za njia. Kurudi weka tatu. Watu hudhani jioni foleni ni ya wanaotoka mjini tu, lakini trafiki huwaachia hao muda mrefu na sisi tunaoingia tunaganda Tegeta na Mwenge. Mwisho wa kupanda ukiwa saa kumi na moja jioni, Bagamoyo iache saa saba na nusu. Ikibana, pita Kawe, shika Mwai Kibaki, katiza Oysterbay, vuka Daraja la Tanzanite.

Binti Magomeni
Hapo unabaki na saa tatu na nusu, zinatosha ukianzia magofu ya Kaole. Ni kama kilomita tano kusini mwa mji, kivuli haba, na ikifika saa sita mawe ya matumbawe yanawaka. Misikiti miwili, mmoja unahesabiwa wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo. Dakika 50. Viatu vya kufunga, ndala hapana. Waonyeshe mikoko: mchanga na mikoko ndivyo vilivyoiziba bandari ya Kaole. Mtu aliyeshuka melini hilo humwingia haraka kuliko tarehe kumi.

Kisha Misheni ya Wakatoliki ya 1868, saa nzima: makumbusho, mbuyu uliomeza mnyororo, na mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Jamani, msiishie kumtaja Livingstone. Watumishi wake, Chuma na Susi, ndio walioongoza msafara uliombeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo uwe wa mwisho, kwa miguu: Ngome, Boma ya Wajerumani ya 1897, soko la samaki.

Kiongozi wa Dunda
Nakazia. Jina la mji lina maelezo mawili: mtumwa aliyebwaga moyo kwa kukata tamaa, na mpagazi aliyebwaga moyo kwa kuwa mzigo umefika. Toa yote mawili.

Viingilio vya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, na bei ya mgeni si ya raia. Omba namba moja ya kundi zima. Mkilipa mmoja mmoja halafu mtandao ukagoma, nusu saa imekwenda.

Mama Ngadu
Chakula: samaki atoke kwenye mafuta mbele ya mgeni, siyo wa tangu asubuhi kwenye sinia. Kachumbari na barafu acheni. Pweza wa moto hana neno.

Mwanzisha uzi
Shukrani, Mama. Na wakitaka ngalawa?

Kiongozi wa Dunda
Tazama mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu, maji hupwa saa nne hadi saa tano asubuhi, na ndipo mgeni anapofika. Ufuko unakuwa tope tupu, ngalawa imelala ubavu. Siku hizo ngalawa ifute kabla hajalipa kitu.

Dereva wa Noah
Na kabla ya kutoka getini bandarini, hakikisha kila mtu ana kadi yake ya meli na kitambulisho chenye picha. Kamera zibaki mfukoni mpaka mtoke nje ya bandari.