Niko Pemba, nataka kuwa mhadhiri wa elimu ya dini ya Kikatoliki. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Wete

Salaam jamani, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaoitikia hivyo.

Mie ni mwalimu, umri wangu miaka 29, mzaliwa wa Wete. Nasomesha Historia na Kiswahili sekondari hapahapa Pemba. Jumapili baada ya misa nawasomesha mafundisho watoto wa kanisani. Ni kumi na mmoja tu, mdogo ana miaka saba, mkubwa kumi na mitano, wote jamvi moja chini ya mshelisheli. Kitabu tunacho kimoja, kurasa zimevimba kwa unyevu wa masika, kwa hiyo nasoma mie, wao wanafuatisha.

Mwezi uliopita mmoja akaniuliza: "Mwalimu, wenzangu wakiingia kipindi cha dini, mie nikae wapi?" Sikuwa na jibu. Mie mwenyewe nilikaa miaka yote ile chini ya mwembe wa skuli, nachora mchangani mpaka kengele ilie. Hakuna aliyenitoa darasani kwa ubaya. Mwalimu wa kunisomesha dini yangu hakuwepo, basi.

Tangu siku ile sipati usingizi mzuri. Nataka kuwafunza hao walimu wasiokuwepo, na nataka nifanye utafiti. Nina shahada ya ualimu, GPA 3.9, mume na mtoto mmoja. Huyu ananiambia nikasome katekesi, yule ananiambia masta ya elimu. Mama anasema hiyo kazi ya mapadri. Nisaidieni.

Mkufunzi Mstaafu

Milele amina, mwanangu. Nimefunza walimu bara miaka mingi, nakuandikia kama mzazi.

Tenganisha mambo mawili ambayo hata parokiani tunayachanganya. Katekesi inamlea mtu katika imani yake, na makao yake hasa ni jumuiya na parokia. Elimu ya dini shuleni ni somo: lina silabasi, lina mtihani, na anayelisoma anaweza kuwa Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu. Roma yenyewe ilieleza tofauti hiyo mwaka 1988 katika waraka wake kuhusu shule za Kikatoliki: katekesi inatafuta ukomavu wa imani, shule inatafuta maarifa. Unachofanya chini ya mshelisheli ni katekesi. Alichouliza mtoto yule ni habari ya shule.

Ukitaka kubobea katika katekesi, Chuo Kikuu cha Wasalesiani kule Roma kina taasisi yake ndani ya kitivo cha elimu. Lakini utaanza na Kiitaliano, na teolojia ya msingi huna. Mimi ningekwambia uchukue masta ya elimu, upande wa mitaala na ufundishaji, kisha tasnifu uiandike juu ya walimu wa dini. Angalia vyuo vikuu vya Kikatoliki: SAUT (Mtakatifu Augustino) Mwanza, Mwenge kule Moshi, au CUEA (Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki) Nairobi, iliyoanza mwaka 1984 kama taasisi ya teolojia. Mtu wa mitaala anahitajika kila kitivo cha ualimu. Mtu wa dini peke yake atasubiri nafasi moja mpaka mwenye nayo astaafu. Nimewaona waliosubiri.

Kwa masta utaingia kama mhadhiri msaidizi. Ili uwe mhadhiri kamili utahitaji uzamivu (PhD), na kuanzia hapo unapandishwa kwa maandiko uliyochapisha.

Mama mwambie hivi: kanuni ya 804 ya Sheria za Kanisa inamtaka mwalimu wa dini awe na mafundisho sahihi, mwenendo wa Kikristo na ustadi wa kufundisha. Haikusema awe padri. Ila kanuni ya 812 inamtaka anayefundisha teolojia chuo kikuu awe na idhini ya mamlaka ya Kanisa, kwa hiyo jitambulishe kwa askofu wako mapema, kabla hujahitaji sahihi yake.

Kijana wa Chake

Dada, usiondoke kazini kwa ahadi ya mdomo. Omba ruhusa ya masomo kwa barua, upate jibu la barua, na nakala uiache nyumbani. Mie bosi aliniambia "we nenda tu, nitashughulikia." Niliporudi jina langu halimo kwenye malipo, na yeye keshahamishwa.

Binti Mkoani

Mwenzangu, mie ni Mwislamu, nafunza walimu wa somo la dini huku Unguja. Kazi yetu ni moja.

Nilikuwa na mwanafunzi hafidhi, Msahafu wote uko kifuani. Siku ya mazoezi ya kufundisha alisimama mbele ya darasa la tano, akazungumza dakika arubaini bila ya kuwauliza watoto suali hata moja. Watoto wa nyuma walikuwa wameshalala juu ya madeski. Dini anaijua kuliko mie, kumfikia mtoto ndiko kulikomshinda. Pengo hilo nina hakika liko na kwenu. Utafiti wako uweke hapo.

Na suali la yule mtoto ndiyo tasnifu yako, wallahi. Ila usiwaandikie Wakristo wa Pemba peke yao. Kuna watoto wa Kiislamu katika skuli za misheni huko bara, nao wanauliza wakae wapi. Waweke pamoja. Kisha njoo Nyaraka, hifadhi ya kumbukumbu za Zanzibar iliyopo Kilimani, Unguja, ufungue mafaili ya elimu ya wakati wa Waingereza, uone nani alisomesha dini gani na nani alimlipa.

Kuhusu fedha, kaulize Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Wewe Mzanzibari kama mie.

Mwalimu wa Wete

Binti Mkoani, hilo la watoto wa Kiislamu bara halikunijia kabisa. Nimelisoma mara tatu, nikamsomea na mume wangu. Yeye kakubali, anachouliza ni mtoto abaki na nani.

Mkufunzi Mstaafu

Kama mama yako ana nguvu, mwaka wa kwanza abaki na bibi yake. Mwaka wa tasnifu utakuwa Pemba mwenyewe, data yako iko huko.

Mwalimu wa Wete

Ahsante, baba. Barua ya ruhusa nimeianza usiku huu. Nikimaliza mitihani ya muhula nitavuka kwenda Unguja, nifike kwa askofu, kisha Kilimani. Binti Mkoani, utanipokea? Nitakuja na halua.

Binti Mkoani

Njoo. Shuka bandarini Malindi, hapa Unguja, nitakuwepo.