Mbuzi wa maziwa ameshuka kutoka lita 2 hadi nusu lita, na hahari (Muheza)

Mama_Mkanyageni
Habari za leo wakuu. Nina mbuzi jike chotara wa Toggenburg (aina ya mbuzi wa maziwa), uzao wa pili, ana wiki 9 tangu azae. Alikuwa anatoa lita 2 kwa siku, asubuhi na jioni. Huu mwezi wa masika, ndani ya siku kama 10, ameshuka mpaka nusu lita kwa mikamuo yote miwili. Hatoki nje: kila asubuhi anakatiwa mabingobingo bondeni, na pumba za mahindi kilo moja. Anakula, hahari, hakohoi, hana homa. Manyoya tu yamekakamaa. Duka la dawa wanasema ni minyoo, nimpe albendazoli. Sasa kama ni minyoo, si angehara? Halafu maziwa yana kaharufu ka beberu. Huo nao ni ugonjwa?

Mzee_wa_Zizi
Dada, kutokuhara kusikudanganye. Mnyoo unaomaliza mbuzi wakati wa masika ni Haemonchus, anakaa tumbo la nne na kazi yake ni kufyonza damu. Mara nyingi hamharishi mbuzi. Anamkausha tu, na maziwa ndiyo yanayotangulia kupungua.

Kabla ya kununua chochote, mtoe kwenye mwanga wa jua. Bonyeza kope ya juu kwa kidole gumba, jicho lirudi ndani kidogo, kisha vuta kope ya chini uangalie ile nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu au waridi iliyokolea, minyoo si tatizo la leo. Ikiwa waridi iliyofifia, kwa mbuzi anayekamuliwa usisubiri, tibu. Ikiwa nyeupe kama karatasi, ni hatari, apate daktari leo hii. Papasa na chini ya taya. Ukikuta uvimbe laini kama maji, damu imeshapungua sana.

Na kufungiwa bandani si kinga. Wakati huu wa joto na mvua yai la mnyoo linafikia hatua ya kuambukiza ndani ya wiki hivi, na kijidudu kinapanda jani kwa kufuata umande. Ukikata bondeni wanakopita mbuzi wa watu, tena alfajiri na mundu umegusa udongo, unamletea minyoo mlangoni.

Chuchu_Mbili
Naongeza kuhusu dawa, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Chupa za albendazoli hazina nguvu sawa. Ya 10% ina miligramu 100 kwa kila mililita, ya 2.5% ina 25 tu. Mbuzi wa kilo 40 kwa kipimo cha miligramu 10 kwa kilo anahitaji mililita 4 za ile ya kwanza, lakini 16 za ile ya pili. Vibandiko vingi vimeandikwa kwa ajili ya kondoo, na mbuzi huisafisha dawa mwilini haraka kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo hakimtoshi. Mwonyeshe mtaalamu wa mifugo wa kata chupa yenyewe, akuandikie mililita.

Uzito usikadirie kwa macho. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Mzunguko zidisha mara mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Kifua 75 na urefu 75 vinakupa kilo 39 hivi.

Unapomnywesha, kichwa kibaki usawa wa mgongo, bomba lipite pembeni mwa mdomo juu ya ulimi, na usukume taratibu. Ukiinua kichwa dawa inaingia mapafuni, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa. Kama amepandwa karibuni, sema mapema, albendazoli haifai mwanzoni mwa mimba. Na maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Pumba_na_Mashudu
Minyoo sawa, ila mimi hata hicho chakula sikipendi. Kilo moja ya pumba tupu ni wanga mwingi, protini kiduchu. Hata dawa ikifanya kazi, damu hairudi bila protini. Changanya pumba sehemu 3 na mashudu ya alizeti sehemu 1, chumvi ya madini kidogo, na umpe kadiri ya nusu kilo kwa kila lita anayotoa, ukigawa wakati wa kukamua. Nusu ya mabingobingo badilisha kwa majani ya gilirisidia au lukina (miti ya malisho). Lukina isizidi theluthi moja ya majani. Ya muhogo yaanike kwanza, mabichi yana sumu. Chicha la nazi ni zuri likiwa la siku hiyohiyo, likichacha tupa. Maji yasikatike, maziwa ni maji zaidi ya asilimia 85.

Chuchu_Mbili
Harufu ya beberu: kama dume yuko banda moja naye, mhamishe upande upepo unakoelekea, na anayemshika beberu asikamue kabla ya kunawa. Chuja kwa kitambaa safi, weka chombo kwenye karai la maji ya baridi papo hapo. Na bado kiwele kikaguliwe: tonesha michirizi ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi. Ukiona mabonge, au upande mmoja ni mgumu na wa moto, hiyo ni habari nyingine, ni ugonjwa wa kiwele.

Mama_Mkanyageni
Asanteni sana. Nimeangalia kope, ni waridi iliyofifia sana, karibu nyeupe. Taya halina uvimbe. Kitambaa kiko safi pande zote mbili.

Mzee_wa_Zizi
Basi leo leo, dada. Ukimwita mtaalamu, mwombe atoe na tone la damu la kuangaliwa, maana ugonjwa wa ndorobo (unaoletwa na mbung'o) nao unafanya kope kuwa nyeupe na dawa ya minyoo haiugusi. Angalia pia kupe masikioni na chini ya mkia. Rangi irudiwe kuangaliwa baada ya wiki 2. Ikibaki vilevile na damu haina ndorobo, huenda minyoo hao wameshaizoea dawa hiyo. Usirudie ileile, badilisha kundi la dawa.