Mrejesho: yule nzi mwenye manyoya ni Bombylius major

Niliuliza kuhusu mdudu mwenye manyoya kama nyuki na mrija mrefu mdomoni, anayeelea juu ya maua hapa Ujerumani mwezi wa Aprili. Asanteni nyote. Aliyesema nitazame mabawa ndiye aliyemaliza ubishi: ukingo wa mbele ni kahawia iliyokolea, kwingine ni angavu. Angekuwa Bombylius discolor, nzi mwingine wa jamii hiyohiyo, tungeona madoadoa kwenye mabawa. Mrija wenyewe haumdhuru mtu, ni wa kunyonya nekta tu.

Anapenda udongo mkavu, wenye jua, penye mashimo ya nyuki wanaoishi mmojammoja. Jike huelea na kurusha mayai yaliyopakwa vumbi kuelekea mashimo hayo, kisha funza wake huwala watoto wa nyuki. Jeuri kweli! Basi ule udongo mtupu kando ya uzio sitaupanda nyasi.