Wajane, ardhi na mabaraza ya kata: majalada pekee yanatosha kwa utafiti?

Kishada
Wakuu, naandaa tasnifu ya uzamili inayochanganya sheria na sosholojia, kuhusu wajane na haki ya ardhi kwenye mabaraza ya kata (Tanzania Bara). Mpango: majalada ya kesi ya 2016 hadi 2024 katika kata 3, nihesabu wanawake walioshinda na walioshindwa, kisha nihoji wajane 20. Msimamizi wa sheria ameridhika. Wa sosholojia anasema majalada yatanidanganya. Nirekebishe wapi?

Rejesta
Hata sheria yenyewe itakukwamisha. Marekebisho ya 2021 yaliliondolea baraza la kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Sasa linasuluhisha tu, likiwa na wajumbe watatu, angalau mmoja mwanamke. Siku 30 zikipita bila suluhu, mdai anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati ya kata inayothibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana. Ukiweka 2018 na 2023 kwenye jedwali moja utaona wanawake "wameacha kushinda", kumbe baraza ndilo limeacha kutoa hukumu. Tenganisha vipindi viwili. Kwa cha pili pima mengine: suluhu zilifikiwa kwa masharti gani, wangapi walifika wilayani, baada ya siku ngapi.

Sampuli itoe kwenye rejesta (daftari linaloorodhesha mashauri yote), si kabatini. Enzi za hukumu, majalada yaliyokatiwa rufaa yaliitishwa wilayani, na hayo ndiyo yenye ubishi mkali. Yaliyobaki kabatini yameshachujwa.

Halafu kuna mirathi. Shauri la mjane wa ndoa ya kimila mara nyingi linaanzia Mahakama ya Mwanzo kama usimamizi wa mirathi, na kwenye kata hulioni kabisa. Ongeza majalada ya huko, la sivyo badilisha kichwa cha tasnifu.

Dodoso
Mjane aliyenyamazishwa kwenye kikao cha ukoo haandikwi kwenye rejesta yoyote. Nusu ya wajane wako wapate nje ya majalada: kupitia wasaidizi wa kisheria, vikoba, vikundi vya dini.

Usiulize "Je, haki yako ya ardhi ilivunjwa?" Wengi watasema hapana, hasa kama shemeji yupo jirani. Uliza: baada ya msiba nani walikaa kugawa mali? Wewe ulikuwepo? Msimu uliofuata nani alilima lile shamba, na mazao yaliwekwa kwa nani? Hilo la msimu ndilo hufichua mengi, maana mtu anaweza kukuambia shamba ni lake huku analima mwingine. Mtendaji wa kata akijitolea kukusindikiza, mshukuru, akutambulishe, kisha arudi ofisini.

Kishada
Asanteni sana. Na sababu za uamuzi nizigeuzeje takwimu? Nimeweka safu moja: "mila: ndiyo/hapana".

Rejesta
Hiyo safu itakutesa. Msomaji mmoja wa majalada ataandika "ndiyo" kila ukoo unapotajwa, mwingine pale tu mila ilipoamua. Ipasue mara tatu: nani aliitaja, baraza liliitegemea au la, na je, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kilitajwa? Kifungu hicho kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, kwa hiyo kutotajwa kwake nako ni data.

Watu wawili wasome majalada 30 yaleyale kila mmoja peke yake, kisha kokotoa kapa (kipimo cha jinsi wasomaji wawili wanavyokubaliana). Ikiwa chini ya 0.6, andika upya maelezo ya safu kabla ya kuendelea, usiwalazimishe wakubaliane. Jinsia usiikisie kwa jina, tafuta "mke wa", "mjane" au maelezo ya shahidi, ukikosa andika "haijulikani".

Dodoso
Majina yasiingie kwenye jedwali. Tumia namba, na daftari la majina likae mahali pengine chini ya kufuli. Kwenye kata ndogo hata "mjane, miaka 60, ekari mbili, kesi na shemeji" inatosha kumtambua mtu, kwa hiyo kwenye tasnifu ficha kata na mwaka wa shauri.