Naomba ushauri: nipunguzeje tuzo za chakula bila kuharibu mafunzo ya mbwa?

Ndugu zangu mnaofuga mbwa, naomba ushauri kuhusu mbwa wangu jike, ambaye bado ni mdogo na ninamfundisha kwa kumtuza badala ya kumchapa. Ndani ya nyumba anatii vizuri: nikimwambia akae, anakaa, nami humpa kipande kidogo cha nyama kabla hajainuka, kwa kuwa tuzo ikichelewa hata sekunde chache, mbwa huihusisha na jambo jingine alilolifanya baadaye.

Tatizo ni kwamba siku hizi hutazama kwanza mkono wangu. Akiona vidole vimefumbata kitu, hutii. Akiona kiganja kitupu, hugeuza shingo na kwenda zake kunusa nyasi, hasa tukiwa nje karibu na mbwa wengine.

Ninafahamu kwamba tabia iliyokwisha kujengeka hudumu zaidi ikituzwa mara moja moja, bila mpangilio unaotabirika, kama mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alivyoonyesha katika majaribio yake ya wanyama. Ninachoshindwa kuamua ni wakati wa kuanza: je, nisubiri mpaka atii kila mahali, au nipunguze ndani ya nyumba huku nje nikiendelea kumtuza kila mara? Fimbo siitaki kabisa, maana mbwa mwenye hofu hujifunza kumkwepa mtu. Aliyefanikiwa kubadilisha chakula kwa sifa au mchezo wa kuvutana kamba, tafadhali anieleze alianzaje, na mbwa wake aliitikiaje.