MREJESHO: Dar hadi Lushoto kwa baiskeli, mimi na mama watoto

Wakuu, asanteni. Niliuliza tupite Chalinze au Bagamoyo, na mizigo tuifungeje.

Tulipita Bagamoyo. Kipande cha kwenda Msata kimetulia: lami safi, malori ya kuhesabu. Ukishaingia barabara ya Segera, ndugu yangu, mabasi ya Arusha yanakupuliza hadi kwenye majani. Tunaanza kukanyaga alfajiri, saa tano jua likiwaka tunatafuta mwembe.

Mzigo ndio ulitutesa. Vyote vilikuwa nyuma, mlimani usukani unacheza kama umelewa, na spoki za tairi la nyuma zikaanza kukatika, tena upande wa gea, ambako lazima gea zifunguliwe kwanza. Fundi wa Mkata akahamishia maji na sufuria mbele, chini karibu na ekseli, akakaza kwa vipande vya tyubu kuukuu. Baiskeli imetulia. Hema mama watoto kanibebesha mimi, "si ndiye uliyelitaka?"

Tupo Korogwe. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kupanda. Mama watoto kashasema kona za Soni atasukuma. Simbishii.