Tupeane uzoefu: uliandika siasa kwenye insha ya kuomba chuo Marekani? Ilikuwaje?

Mjomba wa Tabata
Wakuu, kwema? Nina mpwa wangu kamaliza Kidato cha Sita mwaka huu wa 2025, sasa anaomba vyuo Marekani kwa ile fomu moja ya vyuo vingi. Insha kuu isizidi maneno 650. Dirisha la kawaida kwa vyuo vingi linafungwa mapema Januari, na leo tuko katikati ya Novemba. Kijana kaandika ya tarehe 29 Oktoba, siku ile ya Uchaguzi Mkuu. Juzi usiku alitusomea sebuleni. Hajafika nusu, mama yake akanyanyuka kwenda kufunga dirisha, na mbu hawakuwepo.

Sijui nimwambie nini. Mlioandika siasa, na mlioacha, tupeane uzoefu. Wale wa "mwache aandike anachotaka", semeni kwanza nyie mliandika nini.

Kipanga wa Midahalo
Mimi ni 2014, Bunge Maalum la Katiba liko Dodoma, kichwa changu kimejaa Rasimu ya Warioba. Nikaandika kwa nini tunahitaji serikali tatu. Mwalimu wetu wa Kiingereza akachukua kalamu nyekundu, akazungushia kila mahali nilipojitaja mwenyewe. Duara mbili tu, na moja ilikuwa kwenye "naamini kwamba". Nikaituma hivyohivyo, kiburi cha miaka 19. Vyuo sita, vyote vikanikataa. Sisemi ni insha peke yake, maana SAT yangu, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, nayo ilikuwa ya kujikongoja. Ila nikiisoma leo, nadhani hata Jaji Warioba mwenyewe asingeimaliza.

Nai wa Donholm
Salamu kutoka Nairobi. Darasani kwetu kila mtu aliandika maandamano ya 25 Juni 2024: moshi, bendera, Bunge. Mwalimu mshauri alikuwa na insha kumi na nne za vitoa machozi juu ya meza, akatuambia hawezi tena kuzitofautisha.

Mimi pia nilikuwa tao siku hiyo, lakini niliandika mkate. Muswada wa Fedha ulikuwa umependekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Mama ana kibanda cha chai. Usiku mmoja akapanga slaisi mezani na kupiga hesabu: akiongeza bei, watu wa mjengo watahamia kwa jirani, asipoongeza, anakula faida yake mwenyewe. Akazikata pembepembe, akaniuliza kama bado zinaonekana kubwa. Basi. Pendekezo la mkate liliondolewa hata kabla ya ile Jumanne, na hilo pia niliandika. Ruto nilimtaja mara moja. Nikapata chuo kidogo Ohio na ufadhili wa nusu ya ada.

Mpemba wa Wete
Asalaam alaykum. Januari 2001, waandamanaji walipouawa Pemba, nilikuwa na miaka saba. Tulivuka kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya. Waliokimbilia huko walipita elfu mbili. Mwaka 2012 naomba chuo, dada mmoja aliyekuwa akijitolea kutusaidia akaniambia, "Hiyo hapo ni dhahabu." Nikaandika. Nikamwendea baba kumuuliza jina la nahodha. Akanitajia, kisha akauliza la nini. Nikamweleza. Akakaa kimya muda, akasema: "Wewe watakupa chumba na chakula. Na wale waliobaki makaburini?"

Niliichana. Nikaandika jinsi bibi alivyohesabu bamvua na maji mafu kwa kutazama mwezi, akajua siku ya kwenda kuchokoa pweza bila kalenda. Nikapata nafasi. Kwa hiyo Nai, hongera sana, mkate ule ulikuwa wa nyumbani kwenu. Lakini Mjomba, muulize kijana: waliomo ndani ya insha yake wanajua kama wamo?

Dada wa Leeds
Kama ataomba na Uingereza, huku mambo ni mengine kabisa. Kwa wanaoanza 2026, UCAS, wale wanaopokea maombi ya vyuo vya huku, wameondoa ile barua ndefu, sasa ni maswali matatu, herufi 4,000 kwa jumla, na yote yanahusu kozi. Siasa aiweke kama anaomba kusoma siasa.

Mnyama Damu
Aandike Simba na Yanga. Ila akimwangukia msomaji wa Yanga, imekula kwake.

Kuku wa Mayai
Shikamooni. Mimi ni rika la mpwa wa Mjomba. Maombi yangu ya mapema yalikuwa yanafungwa tarehe 1 Novemba. Insha ilihusu kuku wangu wa mayai, siasa hamna hata chembe. Ilibaki kubonyeza tu, nikasema niipitie mara ya mwisho jioni ya tarehe 29. Intaneti ikazimwa. Nikakodolea macho kale kaduara kanazunguka, nje amri ya kutotoka. Iliporudi, siku ilishapita. Nikawaandikia ofisi ya udahili mistari minne, wakajibu nitume tu. Siasa yangu sasa ni sentensi tatu kwenye kile kisehemu cha hiari cha kueleza changamoto. Insha imebaki ya kuku.

Mzee wa Viza
Tangu Juni mwaka huu, anayeomba viza ya masomo Marekani anatakiwa akaunti zake za mitandao ziwe wazi kwa kila mtu. Insha anaipeleka chuoni. Posti zake zinasomwa ubalozini. Jambo jingine: mwalimu anayemwandikia barua ya mapendekezo huenda ni mtumishi wa serikali. Asimbebeshe hiyo insha aisome.

Mjomba wa Tabata
Nimewasoma wote, ahsanteni. Nimemuuliza swali la Mpemba. Aliyemo kwenye insha ni fundi cherehani wa mtaani kwetu. Tangu siku ile kibanda chake kimefungwa. Leo mchana kijana kaenda kuonana na mke wake. Karudi magharibi, hajala, kakaa mbele ya laptop. Nasikia anabonyeza tu. Sijui anafuta au anaongeza.